Je, Wajua? Mate ya Panya na Dawa ya Saratani

Je, wajua kuwa kitoto cha panya huzaliwa macho yamefumba, na kwa kawaida huyafumbua kikifikisha siku 13 au 14? Mwanakemia wa Marekani, Stanley Cohen, alividunga vitoto vya panya majimaji yaliyotokana na tezi za mate za panya wakubwa, vikafumbua macho siku ya 7. Meno nayo yakaota kabla ya wakati. Cohen hakuwa akitafuta macho wala meno. Alikuwa akisafisha dutu nyingine kabisa, inayokuza neva. Wengi wangeiandika ajabu hiyo pembeni mwa daftari na kuendelea na kazi iliyowaleta. Yeye aliishika na hakuiachia: mwaka 1962 akaichapisha, na baadaye protini iliyofanya kazi hiyo ikajulikana kwa kifupi cha EGF, kichochezi cha ukuaji chenye asidi amino 53 tu.

Je, wajua kwa nini alianzia kwenye mate? Kwa sababu ya nyoka. Cohen na mwenzake Mwitalia, Rita Levi-Montalcini, walitia sumu ya nyoka kwenye sampuli zao ili ivunje asidi za kiini, waone kama dutu ya kukuza neva itabaki. Badala ya kubaki tu, ikaongezeka sana: sumu yenyewe ilikuwa nayo tele. Na kwa kuwa tezi ya sumu ya nyoka ina undugu na tezi ya mate, Cohen akamgeukia panya.

Je, wajua Levi-Montalcini alianzia wapi? Chumbani kwake alimolala, mjini Turin. Sheria za ubaguzi za Mussolini za mwaka 1938 zilikuwa zimewafungia Wayahudi milango ya vyuo, naye akawa anachunguza viinitete vya kuku nyumbani, vita vikirindima nje. Mwaka 1952 alisafiri kwa ndege hadi Rio de Janeiro akiwa na panya wenye uvimbe wa saratani, maana uvimbe huo ulikuwa ukimwaga dutu aliyoitafuta. Yaani kichochezi cha kwanza cha ukuaji kilifichuliwa na saratani yenyewe. Yeye na Cohen walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Mama huyo alifariki mwaka 2012 akiwa na miaka 103.

Je, wajua kichochezi huiambiaje seli igawanyike bila kuingia ndani? Kwenye utando wa seli kuna vipokezi, na kila kimoja ni kama kengele ya mlangoni: kitufe kiko nje, mlio uko ndani. EGF ikibonyeza, vipokezi viwili hushikana na kupachikana fosfeti kwenye asidi amino iitwayo tirosini, kisha ujumbe hupokezanwa kutoka protini hadi protini mpaka kwenye kiini. Baada ya hapo seli yenye afya hukimeza kipokezi na kukiyeyusha ili kelele ziishe. Hiyo ya kumeza waliionyesha Cohen na Graham Carpenter mwaka 1976.

Je, wajua kuwa fosfeti ya kwenye tirosini iligunduliwa kwa uvivu kidogo? Mwaka 1979, Tony Hunter wa Taasisi ya Salk, California, alitumia tena kimiminika cha maabara kilichochakaa badala ya kutengeneza kipya. Asidi yake ilikuwa imepanda, na kwa ajili hiyo doa moja kwenye kipimo likajitenga na kuwa mawili. La pili lilikuwa tirosini yenye fosfeti. Leo tunajua binadamu ana vimeng'enya 90 vya kupachika fosfeti kwenye tirosini, na 58 kati yake ni vipokezi.

Je, wajua kuwa kuna kirusi cha kuku kilichoiba kipokezi cha EGF? Mwaka 1984 watafiti wa London, kundi la Michael Waterfield, walilinganisha vipande vya kipokezi cha EGF na jeni ya kirusi kinachowapa kuku saratani ya damu. Vikalandana. Kirusi kilibeba kipokezi hicho kikiwa hakina sehemu ya nje: hakuna kitufe, lakini mlio haukatiki. Kwa maoni yangu, hakuna siku iliyoieleza saratani vizuri kuliko hiyo. Ugonjwa huu si lazima ulete kitu kigeni; unaweza kutumia chetu wenyewe kilichoharibika.

Je, wajua kuwa seli ya saratani inaweza pia kuongeza idadi ya vipokezi? Ndugu wa kipokezi cha EGF huitwa HER2. Mwaka 1987 Dennis Slamon wa Los Angeles, akishirikiana na Axel Ullrich na wengine, alichunguza uvimbe wa matiti 189 na kukuta takriban asilimia 30 zina nakala za ziada za jeni ya HER2. Wanawake wenye uvimbe huo ndio waliofariki mapema. Fedha za kuendeleza kazi ya Slamon zilitoka, pamoja na kwingine, kwa kampuni ya vipodozi ya Revlon. Tunda lake ni trastuzumab, kingamwili inayokishika HER2 kwa nje, iliyoidhinishwa Marekani Septemba 1998. Ina madhara yake: seli za moyo nazo huutegemea ujumbe wa HER2, kwa hiyo mgonjwa hupimwa moyo kabla na wakati wa tiba.

Je, wajua kuwa herufi moja ya DNA inatosha kuleta balaa? Katika baadhi ya saratani za mapafu, asidi amino ya 858 kati ya 1,210 za kipokezi cha EGF hubadilika, na kipokezi hubaki kimewaka. Jambo hilo lilijulikana mwaka 2004, na wagonjwa hao hutibiwa kwa vidonge.

Na je, wajua kuwa trastuzumab imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015? Lakini haimfai asiye na HER2 ya kutosha. Maabara hupaka rangi kwenye kipande cha uvimbe. Seli zikizungukwa na duara zito la kahawia, jibu huandikwa 3+. Sufuri na 1+ ni hapana. Ukiona 2+, bado hujajibiwa: panahitajika kipimo cha pili, cha jeni. Kwa hiyo wewe au ndugu yako mkikabidhiwa majibu ya saratani ya matiti, tafuteni mstari wa HER2. Kama haupo, mwulizeni daktari kabla tiba haijaanza.