Kiti nje, friji ndani: ‘Sub’ ya safari za ugenini

KUTOKA Dar es Salaam hadi Uwanja wa Sokoine, Mbeya, ni zaidi ya kilomita 800. Kwa shabiki anayeifuata timu yake kwa gari, maji baridi ya Chalinze yakifika Mikumi yameshakuwa ya kuoga.

Ndiyo maana baadhi ya wenye Land Cruiser wanafanya ‘sub’: sehemu ndogo ya kiti cha nyuma inatoka, inaingia friji ya lita 40 inayotumia umeme wa gari, volti 12.

Hakuna kukata chuma. Fundi anafungua bolti za kiti, anaunda kitako cha mbao nene juu ya fremu ya chuma, kisha anakifunga kwenye matundu yaleyale. Msimu ukiisha, kiti kinarudi kikosini.

Wengi wanachemsha kwenye kufunga. Friji iliyojaa vinywaji inaweza kufika kilo 40. Ikishikwa na kamba ya manila tu, breki moja ya ghafla kwenye mteremko wa Kitonga inatosha kuirusha mbele kama shuti la penalti. Itumike mikanda ya kufungia mizigo, iliyoshika kwenye fremu.

Pili, betri. Friji ikilala inanguruma kwenye betri ya kuwashia gari, asubuhi gari linaweza kugoma. Betri ya pili na fyuzi vinamaliza mchezo.

Tatu, hesabu ya watu. Kiti kikitoka, abiria mmoja naye ametoka. Mliokuwa watano sasa mko wanne. Kumpandisha wa tano juu ya friji, bila mkanda, ni kadi nyekundu ya moja kwa moja.