Kumlinda Mbwa na Paka Majira Yote

Katika masomo yaliyopita tulijifunza kwamba kila kiumbe hai huhitaji chakula, maji, hewa na mahali pa kuishi. Mnyama wa porini hujitafutia mahitaji hayo mwenyewe. Mbwa na paka wanaofugwa huwategemea watu. Nao wakiumwa hawawezi kusema. Kwa hiyo mfugaji hana budi kuwatazama kila siku, na kuzijua hatari zinazoletwa na kila majira.

Katika somo hili tutatazama mbwa na paka wanaofugwa katika Wilaya za Bukoba na Muleba, Mkoa wa Kagera. Huko nyumba nyingi zimezungukwa na kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni. Mbwa hulinda nyumba. Paka huwinda panya wanaokula maharage na mahindi.

Hatari za kila siku

Tuanze na chakula. Mbwa hula nyama, samaki na mabaki ya chakula cha nyumbani. Hata hivyo, si kila mabaki yanamfaa. Mfupa wa kuku uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali, navyo vyaweza kumkwama kooni au kutoboa utumbo. Vitunguu pia humdhuru, kwa sababu huharibu chembe nyekundu za damu yake.

Huko Kagera ni desturi kumkaribisha mgeni kwa kahawa ya kutafuna. Ndani ya kahawa mna kemikali iitwayo kafeini. Mtu mzima hutafuna punje chache bila kudhurika. Mbwa akila nyingi, hutapika na kutetemeka, moyo wake huenda mbio, na anaweza kufa. Kwa hiyo chombo cha kahawa kisiachwe chini.

Sumu ya panya ni hatari kubwa zaidi. Paka akila panya aliyekufa kwa sumu, naye huweza kudhurika. Dawa za kunyunyizia mimea zifungiwe mahali pa juu, na chupa zake zisitumiwe kamwe kuwekea maji ya wanyama.

Katika mialo ya Ziwa Viktoria, mbwa na paka huokota vichwa vya samaki. Mara nyingine ndoana hubaki ndani ya kichwa hicho. Ukiona uzi unatoka mdomoni mwa mbwa, usiuvute. Ukiuvuta, ndoana itazidi kuchoma. Mwite mtu mzima, apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Majira ya mvua

Mji wa Bukoba hupata mvua nyingi, karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua kubwa hunyesha kuanzia Machi hadi Mei. Mvua nyingine hunyesha katika miezi ya mwisho wa mwaka.

Mbwa aliyelowa hupoteza joto la mwili. Mjengee kibanda chenye paa lisilovuja. Sakafu yake iinuliwe juu ya ardhi ili maji yapite chini. Tandika nyasi kavu, na uzibadilishe zikilowa.

Kupe hujificha katika majani marefu, wakisubiri mnyama apite. Hufyonza damu, na baadhi yao huambukiza ugonjwa unaoharibu chembe nyekundu za damu. Mbwa mwenye ugonjwa huo hupata homa, hukataa chakula, na fizi zake hupauka. Kila jioni mkague mbwa wako masikioni, shingoni na katikati ya vidole vya miguu. Ukiona kupe, mwambie mtu mzima amshike kwa kibanio karibu na ngozi na kumvuta polepole bila kumpinda. Kupe asipasuliwe kwa vidole.

Minyoo pia hupenda unyevu. Mayai yake hutoka pamoja na kinyesi cha mbwa, nayo hukaa muda mrefu katika udongo mbichi. Mtoto achezaye hapo na kula bila kunawa huweza kuyameza. Fukia kinyesi mbali na nyumba, na unawe mikono kwa sabuni.

Mnamo Novemba na Desemba ni wakati wa senene. Watu huwasha taa kali za umeme usiku ili kuwanasa. Nyaya zikilala juu ya majani yenye maji, huweza kumuua mbwa au mtu. Wakati huo mbwa afungwe nyumbani.

Majira ya kiangazi

Kuanzia Juni hadi Agosti mvua hupungua. Mtu huona joto akatoka jasho mwili mzima. Mbwa hatoki jasho hivyo. Yeye hutoa ulimi na kuhema upesi, na maji yanayokauka mdomoni humpoza. Maji hayo lazima yarudishwe. Mwekee chombo cha maji safi kivulini, na usimfunge juani.

Wakati huu nyasi za rweya, yaani mbuga zilizo nje ya vibanja, hukauka na kushika moto upesi. Mbwa aliyefungwa kwa kamba karibu na moto hawezi kukimbia. Anayechoma takataka ahakikishe kwanza kwamba hakuna mnyama aliyefungwa karibu.

Kichaa cha mbwa

Hatari tulizozitaja humdhuru zaidi mnyama mwenyewe. Sasa tutazame ugonjwa unaomuua mnyama na mtu pia. Nao hauchagui majira.

Kichaa cha mbwa huletwa na virusi. Virusi hivyo hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Akimng'ata mtu, virusi huingia kwenye jeraha, hufuata neva polepole, na mwishowe hufika kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, lakini huweza kuwa fupi au ndefu zaidi. Dalili zikishaonekana, karibu kila mgonjwa hufa.

Mbwa mwenye kichaa hubadilika tabia. Aliyekuwa mpole hung'ata bila kuchokozwa. Mwingine hutulia kupita kiasi, taya lake hulegea, mate humtoka, naye huyumba. Paka naye huweza kuugua. Usimkaribie mnyama wa namna hiyo.

Tuseme mtoto wa Kamachumu, wilayani Muleba, amng'atwa na mbwa akitoka shuleni. Afanye nini?

1. Aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15. Virusi hivi vina ngozi ya mafuta, na sabuni huiharibu.
2. Awaambie wazazi au mwalimu siku hiyo hiyo. Asifiche kwa kuogopa kukaripiwa.
3. Apelekwe hospitali au kituo cha afya apate chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Amalize sindano zote.
4. Afisa Mifugo apewe habari za mbwa huyo.

Zamani hapakuwa na chanjo. Mwezi Julai 1885, mtoto wa miaka 9 aitwaye Joseph Meister aling'atwa na mbwa mwenye kichaa. Mama yake alimpeleka Paris kwa mwanasayansi Louis Pasteur. Pasteur alisimamia achomwe sindano za chanjo aliyoitengeneza, na mtoto akapona. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895. Siku hiyo sasa huadhimishwa duniani kote kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa.

Lakini njia bora ni kumchanja mbwa kabla hajaugua. Wataalamu wameona kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Katika Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, kampeni za kuchanja mbwa zilianza katika miaka ya 1990, na idadi ya watu walioumwa na mbwa wenye kichaa ikapungua sana. Kwa hiyo siku ya chanjo ikitangazwa kijijini, mkumbushe mzazi ampeleke mbwa na paka wenu. Anayemchanja mbwa wake huwakinga pia watoto wa jirani.

Maswali

1. Kwa nini paka huweza kudhurika ijapokuwa hakula sumu ya panya yeye mwenyewe?
2. Mbwa hupozaje mwili wake wakati wa joto?
3. Eleza jinsi sabuni inavyosaidia kukinga mtu aliyeng'atwa na mbwa.
4. Katika kijiji chenye mbwa 200, ni mbwa wangapi wachanjwe ili kichaa kisienee?

Kazi ya kufanya

Mtazame mbwa au paka wa nyumbani kwenu kwa siku saba. Kila siku andika: Je, amekula? Amekunywa maji? Macho yake ni safi? Ana kupe? Uliza pia tarehe aliyochanjwa mara ya mwisho, uiandike katika daftari lako.