Aangukaye Mkarafuu na Damu Isiyoonekana

Ndugu Wanachama,

Kila msimu wa kuchuma twakumbushana kuanika vizuri na kutochanganya makonyo. Safari hii twataka kusema juu ya mchumaji mwenyewe.

Mkarafuu mkubwa hufika mita 10 hata 15, na tagaa lake hukatika upesi. Mtu huanguka, akainuka, akajipangusa, akasema, "Sina kitu." Hana jeraha wala tone la damu. Kumbe ndani wengu au ini limepasuka, na damu yamwagika tumboni. Mtu mzima ana damu kiasi cha lita 5 tu. Akivunjika paja, aweza kupoteza lita 1 au zaidi ndani ya nyama.

Dalili ni hizi: uso hupauka, ngozi huwa baridi yenye jasho, moyo huenda mbio, hushikwa na kiu, kizunguzungu na mahangaiko. Tumbo huuma na kuwa gumu. Bega la kushoto likiuma bila kuumia, huenda ni wengu. Wengine hukojoa au hutapika damu. Dalili zaweza kuchelewa saa nyingi, hata siku kadhaa; basi aliyeanguka kutoka juu apelekwe hospitali hata akisema hajambo.

Yafaa tufanye hivi:

1. Asiinuliwe kwa haraka. Alazwe, shingo na mgongo visichezeshwe.

2. Asikandwe. Kukanda kwa mafuta hufaa uchovu, si tumbo lililopasuka.

3. Asipewe chakula wala maji, kwani huenda akapasuliwa. Midomo iloweshwe tu. Asipewe aspirini, huzuia damu kuganda.

4. Afunikwe kanga au blanketi. Akizimia naye apumua, watu kadhaa wamgeuze ubavu, kichwa na mgongo kwa pamoja.

5. Achukuliwe kwa gari, amelala juu ya ubao mpana, hata mlango. Asipakiwe pikipiki. Hospitali ipigiwe simu, na jamaa wafuatane naye tayari kutoa damu.

Hapana dawa ya shambani izuiayo damu ya ndani. Kazi yetu ni kumfikisha upesi. Kwa hiyo twamwomba kila mwenye shamba, kabla mchumaji wa kwanza hajapanda, ajue gari la nani litabeba mgonjwa, na aweke nambari ya hospitali. Karafuu mtini yaweza kungoja kesho, aliyeanguka hawezi.

Wassalaam,
Katibu