Ufito wa Tanga Usiwe Mgumu Kuliko Upepo

Mtu anayetweka tanga dogo juu ya kayaki katika Ziwa Naivasha hutegemea kitu ambacho aliye ufukweni hakioni: fito mbili tatu bapa, zilizochomekwa ndani ya mifuko iliyoshonwa tangani. Fito hizo ndizo zinazotandaza sehemu ya nyuma ya tanga, ile inayotokeza nje ya mstari ulionyooka kutoka kileleni hadi pembe ya chini. Ufito ukivunjika, kitambaa cha sehemu hiyo huanza kupigapiga, nako kupigapiga hukata nyuzi za mshono na kulegeza kitambaa upesi kuliko safari nyingi za upepo mzuri. Ndiyo maana wengi wakiutengeneza huwaza jambo moja tu, kwamba usivunjike tena. Hapo ndipo makosa yanapoanzia. Ufito hutengenezwa ili upinde inavyotakiwa, na uwe dhaifu kuliko tanga linaloubeba, kwa kuwa ufito ni wa bei ndogo na tanga ni la bei kubwa. Ikibidi kimoja kiharibike, ni heri uwe ufito.

Ugumu wa kipande bapa hauongezeki sawasawa na unene wake. Ukiuongeza unene mara mbili, ugumu unaongezeka mara nane. Basi anayeufunga ufito uliovunjika kwa kipande cha pili cha unene uleule, akakaza kwa waya au utepe, ameunda mahali pasipopinda hata kidogo katikati ya kitu kilichokusudiwa kupinda chote. Upepo ukija, mkunjo wote unahamia kwenye ukingo wa kile kiraka, na ufito unavunjika hapo, pengine baada ya kuwa umeshachana mfuko. Tanga nalo linapoteza umbo. Mbele, karibu na mlingoti, ndiko ufito unakopaswa kuwa mwembamba ili tumbo la tanga likae mbele kidogo ya katikati. Kiraka kigumu hulisukuma tumbo hilo nyuma, na chombo kikipiga bisho, yaani kikipanda kuelekea upepo, kinayumba kando badala ya kwenda mbele.

Naivasha inaongeza jambo ambalo vitabu vya pwani havilitaji. Ziwa liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Upepo wa kasi ileile unalisukuma tanga kwa nguvu pungufu kwa kiasi hicho. Ufito uliopimwa kwa ajili ya bahari unaweza kuwa mgumu mno kwa upepo mwanana wa asubuhi ziwani: ukigeuza chombo, tanga linabaki limebinuka upande wa zamani kwa sababu hewa haina nguvu ya kulipindua. Kwa hiyo ufito ukivunjika, fundi anapata nafasi ya kuulegeza kidogo kuliko ulivyotoka kiwandani, na kwa maoni yangu nafasi hiyo aitumie.

Jua nalo lina lake. Mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na Naivasha iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta. Mionzi hiyo inakula gundi inayoshika nyuzi za kioo katika fito za faiba, hadi uso wake unakuwa mkavu, mweupe, wenye vijiti visivyoonekana vinavyoingia kwenye ngozi. Matunzo yake ni mepesi kuliko matengenezo: fito zitolewe safari ikiisha, zifutwe matope, zikaushwe kivulini na kulazwa mahali palipo sawa. Zikiegemezwa ukutani kwa wiki nzima hujikunja na kubaki hivyo. Ncha zake zivikwe kipande cha tyubu ya baiskeli ili zisitoboe mfuko. Mfuko ukianza kufumuka, fundi viatu mwenye uzi wa poliesta anauweza, mradi mshono uende zigizaga ili kitambaa kiweze kunyumbuka.

Ufito wa faiba uliovunjika mahali pamoja huungwa kwa kuzichonga ncha zote mbili mshazari mrefu, mara kumi hadi kumi na mbili ya unene. Kwa ufito wa milimita 3, hiyo ni sentimita 3 hadi 3.6. Ncha zikipakwa gundi ya epoksi na kubanwa kati ya mbao mbili zilizowekewa karatasi ya plastiki, kiungo kinabaki na unene wa awali, na mkunjo unapita bila kukwama. Upigaji msasa ufanywe kwa maji na barakoa, kwa maana vumbi la kioo halifai mapafuni. Ufito uliopasuka kwa urefu usiungwe. Huo umekwisha, na badala yake nautetea mwanzi. Mafundi wa Kichina wametia fito za mianzi katika matanga yao kwa karne nyingi, na mianzi ya kupandwa inapatikana katika nyanda zinazozunguka bonde la Naivasha. Pasua kipande kirefu, acha upande wa ganda la nje ambako nyuzi zimesongamana zaidi, kwangua upande wa ndani, sawazisha vifundo, kisha paka vanishi kila upande, hasa kwenye ncha zinakoingia maji.

Atakayepinga atasema ngalawa na majahazi ya pwani yamesafiri bila fito hizi. Ni kweli, ila matanga yao hubebwa na foromali ndefu, mti wa kutundikia tanga, na ukingo wao wa nyuma hautokezi nje. Kayaki haiwezi kubeba foromali ya namna hiyo bila kupinduka. Mlingoti wake ni mfupi, na eneo la tanga hupatikana kwa kulitanua nyuma. Mwingine atasema kipande cha plastiki cha kufunikia nyaya za umeme kinatosha na kinauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Kinatosha kukurudisha nyumbani. Kikipata joto la mchana hulegea na kubaki kimepinda. Wa tatu atasema anunue mpya kutoka ng'ambo, na mwenye uwezo na subira afanye hivyo, lakini bado atalazimika kuulinganisha na hewa ya huku.

Kulinganisha huko kunahitaji mizani ya jikoni tu. Simamisha ufito juu yake, sukuma ncha ya juu taratibu, na soma kilo pale unapoanza kupinda. Fanya hivyo kwa fito zote zikiwa nzima, uandike namba kwenye kila moja kwa wino usiofutika, maana ukishavunjika huna tena cha kulinganishia. Kwenye Naivasha upepo huamka mchana, wakati mwingine kwa ghafla, na chombo kisichoweza kupiga bisho husukumwa hadi kwenye mafunjo ambamo viboko hujificha. Ufito ukivunjika huko ziwani, tua tanga, chomoa vipande vyote viwili kabla havijapasua kitambaa, kisha rudi kwa kasia ukikaa mbali na mafunjo.