RUFAA DHIDI YA KIFUNGO CHA KUUA BILA KUKUSUDIA: SIKU 30 HUANZA KUHESABIWA LINI

Wakazi wa Mamba, wilayani Mlele, pamoja na watumishi wa Serikali walioko katika kata na vijiji vya Mkoa wa Katavi, wanaelezwa hapa utaratibu wa kukata rufaa kwa mtu aliyehukumiwa kifungo kwa kosa la kuua bila kukusudia. Maelezo haya yanawahusu zaidi jamaa wa wafungwa, kwa kuwa wao ndio hufika mara kwa mara katika ofisi za kata kuulizia jambo hili, na aghalabu hufika wakati muda umekwisha.

Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, hutenganisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia. Kosa la kwanza adhabu yake ni kifo. La pili adhabu yake ya juu kabisa ni kifungo cha maisha, lakini chini ya kikomo hicho Jaji ana uhuru mpana. Watu wawili wagombanapo kilabuni, mmoja akampiga mwenzake ngumi, naye akaanguka na kufa, hukumu yaweza kuwa ya miaka michache. Aliyetumia panga na kurudia pigo, hata kama alikasirishwa, hawezi kutazamia hivyo. Mwongozo wa utoaji adhabu wa mwaka 2023 unaweka madaraja matatu: la juu, kuanzia miaka 10 hadi maisha, la kati, miaka 4 hadi 10, na la chini, ambalo halizidi miaka 4 na laweza hata kuwa ni kuachiliwa kwa masharti.

Kosa hili husikilizwa na Mahakama Kuu, au na Hakimu Mkazi aliyeongezewa mamlaka. Kwa miaka mingi mashauri ya Katavi yamekuwa chini ya Masjala ya Mahakama Kuu ya Sumbawanga. Katika hali zote mbili rufaa huenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1979 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na husikilizwa na Majaji watatu.

Jambo la kwanza ambalo halina budi kueleweka ni kwamba rufaa si ombi la huruma. Wako jamaa wanaodhani kuwa wakieleza jinsi watoto walivyoachwa bila mlezi, Majaji watapunguza miaka. Hayo ni maneno ya kusemwa mbele ya Jaji aliyesikiliza shauri, kabla hajatoa adhabu. Mahakama ya Rufani haibadili adhabu kwa sababu tu Majaji wake wangelitoa nyingine lau wangekaa katika kiti kile. Huingilia pale adhabu ilipo kubwa kupita kiasi kwa dhahiri, au ilipotolewa kwa kufuata msingi usio sahihi, au Jaji alipoacha jambo alilopaswa kulizingatia, au alipozingatia lisilohusika. Mfano wa jambo linalosahauliwa ni muda ambao mshtakiwa alikaa mahabusu akingojea shauri, ambao katika makosa ya mauaji huweza kufika miaka kadhaa. Mwingine ni kukiri kosa mapema, na mwingine ni kuwa mshtakiwa hajapata kutiwa hatiani kabla ya hapo. Ikiwa Jaji aliyataja hayo yote na kuyapima, mrufani ana kazi nzito.

Pili, aliyekiri kosa kwa hiari yake na kwa kuelewa hawezi kurudi na kusema hakutenda. Kwake rufaa hubaki juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu. Washtakiwa wengi walioshtakiwa kwanza kwa kuua kwa kukusudia hukiri kosa hili dogo, na wanapofika gerezani hushauriwa na wenzao wakane. Ushauri huo umewapotezea wengi nafasi, kwa kuwa huacha hoja yenye nguvu ya adhabu na kushika isiyosimama. Fauka ya hayo, Mahakama ya Rufani inaweza kupunguza adhabu, kuiacha ilivyo, au hata kuiongeza.

Sasa kuhusu muda. Taarifa ya nia ya kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 30 tangu tarehe ya uamuzi unaolalamikiwa. Siku hizo hazianzi pale nakala ya hukumu inapopatikana, wala wakili anapolipwa. Hapa ndipo jamaa wa Mamba hukwama: husubiri mpunga uuzwe ili fedha ya wakili ipatikane, ilhali siku zinakwenda. Taarifa hiyo haihitaji wakili. Mfungwa anaweza kuitoa kwa Mkuu wa Gereza kwamba hakuridhika, naye Mkuu wa Gereza huipeleka kwa Msajili wa Mahakama Kuu. Yafaa mfungwa ahakikishe tarehe aliyotoa taarifa imeandikwa. Aliye nje ya gereza huipeleka mwenyewe kwa Msajili, mahali uamuzi ulipotolewa.

Hati ya sababu za rufaa huja baadaye, ndani ya siku 21 tangu mrufani akabidhiwe kumbukumbu za shauri. Huo ndio wakati wa kutafuta wakili, au msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Kutoa taarifa hakusimamishi kifungo. Mrufani huendelea kutumikia, isipokuwa Mahakama iamuru apewe dhamana.

Watu huchanganya pia rufaa na njia nyingine za kutoka gerezani. Msanii Elizabeth Michael, ajulikanaye kwa jina la Lulu, alihukumiwa na Jaji Sam Rumanyika wa Mahakama Kuu, Dar es Salaam, tarehe 13 Novemba 2017, kifungo cha miaka 2 kwa kumuua bila kukusudia msanii Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012. Alipotoka gerezani mwezi Mei 2018 hakutolewa kwa hukumu ya rufaa. Alibadilishiwa sehemu iliyobaki ya kifungo kuwa kazi za huduma kwa jamii. Utaratibu huo, ulio chini ya sheria ya mwaka 2002, ni wa vifungo visivyozidi miaka 3. Aliyefungwa miaka 10 hauhusiki naye.

Yule ambaye siku 30 zimempita anaweza kuomba aongezewe muda. Ombi hilo hupelekwa Mahakama Kuu likiambatana na kiapo kinachoeleza sababu ya kuchelewa, na kila siku iliyopita hutakiwa ielezwe. Kukosa fedha peke yake aghalabu hakutoshi. Kuhamishwa gereza, kuugua, au taarifa iliyotolewa kwa wakati kisha ikachelewa njiani, ni sababu zinazosikilizwa, hasa zikithibitishwa na kiapo cha Mkuu wa Gereza.