Sauti ya katuni ni kazi ya maisha

UKIVUKA Mto Ruvuma kutoka Kilambo, mkoani Mtwara, unaingia Namoto, wilayani Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado. Lugha rasmi ya Msumbiji ni Kireno, lakini pwani hii ina wasemaji wa Kimakwe, Kimwani, Kimakonde na Kiswahili. Mpaka haukukata lugha.

Kwa hiyo mtoto wa Namoto anayejua Kiswahili anaweza kufuata katuni iliyotengenezwa Dar es Salaam bila mkalimani. Taasisi ya Ubongo ya jijini humo ilianza kurusha Ubongo Kids mwaka 2014, kipindi kinachofundisha hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo. Baadaye kikaja Akili and Me, kuhusu Akili, msichana wa miaka minne anayeishi karibu na Mlima Kilimanjaro. Bila mtu wa kumpa sauti, Akili ni picha tu.

Je, kazi hiyo yaweza kumtunza mtu maisha yake yote? Japani inajibu kwamba yawezekana. Masako Nozawa, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1936, alianza kuigiza kwenye filamu akiwa mtoto mdogo. Televisheni ilipokuwa changa nchini humo, filamu za kigeni ziliingizwa sauti za Kijapani moja kwa moja hewani. Ukikosea, hakuna kurudia. Kumtegemea mtoto ilikuwa hatari, hivyo watayarishaji wakatafuta wanawake wanaoweza kusema kama wavulana. Tena sauti ya mvulana hubadilika akibalehe, lakini ya mwanamke hudumu miaka mingi.

Mwaka 1968 Nozawa akawa sauti ya Kitaro, na mwaka 1986 akapewa Son Goku wa Dragon Ball. Goku alipokua, akaoa na kupata watoto, Nozawa hakubadilishwa. Aliigiza pia wanawe wawili, Gohan na Goten, hivyo baba na wana wakazungumza kwa koo moja. Mwaka 2017 Guinness World Records ilimtambua kwa kumpa sauti mhusika yuleyule wa michezo ya video kwa zaidi ya miaka 23. Alikuwa ametimiza miaka 80, na bado alikuwa kazini.

Kipaji peke yake hakikumfikisha huko. Japani ina mawakala na vyuo vya waigizaji wa sauti, na mashabiki huwajua kwa majina. Afrika Mashariki, watoto wengi huitambua sauti ya katuni waipendayo bila kujua ni ya nani.

Agosti 2019, wakuu wa SADC waliokutana Dar es Salaam waliridhia Kiswahili kiwe lugha ya nne ya jumuiya hiyo, pamoja na Kiingereza, Kireno na Kifaransa. Msumbiji ni mwanachama. Lakini mji wa Palma ulishambuliwa Machi 2021, familia nyingi zikakimbia na masomo ya watoto yakakatika. Kwao, somo linalosikika katika lugha ya nyumbani lina thamani kuliko azimio la mkutano.

Kijana wa mpakani anayejua Kireno na Kiswahili ana mtaji ambao studio za Dar es Salaam na Nairobi zinaweza kuutumia. Akifundishwa, akilipwa vizuri na jina lake likaandikwa mwishoni mwa kipindi, atakuwa na sababu ya kubaki katika kazi hiyo mpaka uzeeni.