Mtu wa Kati: Msimamizi wa Wachezaji katika Michezo ya Kompyuta

Leo tutazungumza habari za kazi ambayo wengi wetu hatukuisikia tulipokuwa shuleni, maana wakati huo haikuwako. Ni kazi ya msimamizi wa jumuiya ya wachezaji katika makampuni yanayotengeneza michezo ya kompyuta.

Kwanza tufahamu michezo yenyewe. Mtu akinunua bao la kuchezea, shughuli yake na seremala imekwisha; seremala hawezi kuja usiku akaongeza shimo. Lakini michezo mingi ya siku hizi huchezwa kwa intaneti, na kampuni huendelea kuibadilisha baada ya kuiuza. Silaha iliyokuwa kali jana, leo imepunguzwa makali. Kitu kilichopatikana bure sasa chauzwa. Maelfu ya watu huamka wakakuta sheria ni nyingine, nao wamekwisha kulipa fedha zao. Hapo ndipo anapohitajiwa mtu wa kati.

Kazi yake ina pande mbili. Upande mmoja yeye ni mpiga mbiu wa kampuni: hutangaza mabadiliko, hueleza kwa nini mitambo imezimwa, huwazuia wenye matusi. Upande wa pili ndio mgumu. Husoma wanayoandika wachezaji, akayachambua, akawapelekea mafundi wa mchezo. Na kuchambua si kuhesabu makelele. Watu mia wakisema, "Mwondoeni adui huyu, ana nguvu mno," huenda shida si adui, bali mchezo haukuwafundisha namna ya kujikinga. Mgonjwa hajambo kwa kuonyesha mahali panapouma. Dawa anayoitaja ndiyo huwa siyo. Msimamizi hodari hupeleka habari za maumivu, na dawa huwaachia mafundi.

Sasa tutazame jambo lililotokea kweli. Kampuni ya CCP Games, ya mji wa Reykjavik katika kisiwa cha Aisilandi, ilitoa mchezo uitwao EVE Online mwezi Mei 2003. Wachezaji huendesha vyombo vya angani, huchimba madini, hufanya biashara na kupigana vita. Chombo kikivunjwa kimekwenda, hakirudi. Mali ya miezi mingi yaweza kupotea kwa dakika chache. Kwa hiyo watu wa mchezo huo huangalia haki kwa macho makali sana.

Mwaka 2007 iligunduliwa kwamba mfanyakazi mmoja wa kampuni aliwapa wachezaji wa upande wake ramani za thamani za kutengenezea vyombo. Fikirini mwamuzi wa mpira anayefunga mabao! Imani ikatikisika. Mwaka 2008 kampuni ikaanzisha baraza la wachezaji, wajumbe wake wakichaguliwa kwa kura na wachezaji wenyewe. Wajumbe hawalipwi mshahara, lakini husafirishwa hadi Reykjavik kukaa meza moja na watengenezaji. Wasimamizi wa jumuiya ndio waliopewa kazi ya kuwaunganisha wajumbe hao na mafundi.

Basi, je, baraza liliondoa ugomvi? La. Mwezi Juni 2011 kampuni ilifungua duka la mavazi ndani ya mchezo, na miwani ya jicho moja ikauzwa kwa thamani ya dola 60 na zaidi. Miwani ya kuvalisha picha! Mara gazeti la ndani la kampuni likavuja, na ndani yake yalikuwamo mazungumzo ya kuuza vitu vingi zaidi. Ikavuja pia barua ya mkuu wa kampuni kwa wafanyakazi wake, akiwaambia kwamba wakati kama huo ni wa kutazama wachezaji wanafanya nini, zaidi ya wanayosema. Mwaona jinsi neno hilo lilivyovunja kazi yote ya mtu wa kati, ambaye mshahara wake ni wa kusikiliza yanayosemwa.

Wachezaji wakakusanya vyombo vyao Jita, mahali penye soko kuu la mchezo, wakaipiga risasi sanamu iliyosimama hapo. Sanamu haikuvunjika, wala wao hawakutazamia ivunjike. Kampuni ikaliita baraza Reykjavik kwa haraka, wakazungumza siku mbili. Mwezi Oktoba mkuu yule akaandika barua ya kuwaomba wachezaji radhi, na mwezi huo huo kampuni ikatangaza kupunguza kama asilimia 20 ya wafanyakazi wake.

Kuna jambo jingine ambalo wachezaji wengi hulisahau: huyu anayewajibu huwa hakukata shauri lolote. Mwezi Mei 2024 kampuni ya Sony ilitangaza kwamba wanaocheza Helldivers 2 kwa kompyuta sharti wajiandikishe katika huduma yake. Nchi na maeneo zaidi ya 170 hayakuwa na huduma hiyo, nyingi za Afrika zikiwamo. Kwa siku chache maoni mabaya yalipita 200,000, na Sony ikaiondoa amri yake. Lakini katika siku hizo waliopokea hasira ni wasimamizi wa Arrowhead, kampuni ya Uswidi iliyotengeneza mchezo, na amri haikutoka kwao. Mimi naona kumweka mtu mlangoni apokee mawe, na kumnyima kiti katika chumba cha shauri, ni kumwonea.

Vikundi vya wasikilizaji, zungumzeni jambo hili kabla ya somo lijalo: baraza la EVE hutoa maoni tu, na kampuni yaweza kuyakataa. Je, wachezaji wanaolipa wapewe haki ya kuzuia mabadiliko, au mwenye mchezo abaki na neno la mwisho?